Jinsi Wanadamu Walivyojifunza Habari za Ulevi

Maonyo juu ya ulevi tumekwisha kuyasoma mara nyingi, nami mwenyewe nimeyatoa mara nyingi mbele ya watoto wa shule na mbele ya wazazi wao. Leo sikusudii kuonya. Nataka kusimulia historia: jinsi wanadamu walivyokaa miaka mingi wakimlaumu mlevi, kisha wakatunga sheria juu ya kinywaji chake, na mwisho wakaanza kumchunguza kama mgonjwa achunguzwavyo. Ninayo sababu ya kuitafuta historia hii, nami sharti niitaje kwanza, ingawa yanitia haya.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa matofali hapa Nyakitonto. Alikuwa mtu wa kazi, tena mcheshi, na watoto walimpenda. Alianza kwa pombe ya ndizi kama wengine, akaishia katika gongo. Hata mwisho hakuweza kushika kalibu ya matofali asubuhi kabla hajapata kikombe cha kwanza, maana mikono ilimtetemeka. Jamaa tukakutana, nami kwa kuwa ni mwalimu nikapewa kusema. Nikamwambia, "Baba mdogo, leo ndiyo mwisho." Akakubali, akaapa mbele ya wazee wawili. Nikamchukua nyumbani kwangu, tukaimwaga gongo yote aliyokuwa nayo, tukafunga mlango.

Siku ya kwanza alitokwa na jasho na kutetemeka. Sisi tukafurahi, tukasema, "Pombe yamtoka mwilini." Usiku akaniomba funda moja tu, nikamnyima, nikajiona nimeshinda. Siku ya pili akaanguka kifafa mara mbili, naye hakuwa na kifafa maisha yake yote. Siku ya tatu hakunijua mimi ni nani. Alikuwa akiokota siafu katika blanketi, wala siafu hawakuwapo. Wengine wakasema ni mashetani, tukaimba na kuomba. Asubuhi ya nne tukamweka kati ya watu wawili juu ya pikipiki kumpeleka hospitali, akafa njiani.

Daktari niliyemweleza mambo hayo baadaye hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, walevi ni wa namna mbili. Mmoja maneno humtosha. Wa pili, siku umwambiapo aache, ndiyo siku ya kumleta kwetu." Basi nikaanza kuuliza na kusoma: watu walijuaje jambo hili, na kwa nini sisi hatukulijua? Hayo ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na pombe yenyewe. Wazee wetu wa Buha waliijua pombe tangu kale. Ndizi ziliivishwa shimoni, zikakamuliwa kwa nyasi, na maji yake yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Baada ya siku moja au mbili pombe ilikuwa tayari. Watu waliketi pamoja wakainywa kwa mirija katika chungu kimoja, siku ya mahari, siku ya kulimiana mashamba, na siku ya kumaliza matanga. Walevi walikuwapo hata zamani hizo, wala si kweli kwamba zamani hapakuwa na ugomvi wa pombe. Lakini mambo matatu yaliipunguzia madhara. Nguvu yake haikuwa kubwa. Ilichacha upesi, isiweze kuwekwa akiba. Tena haikuwa desturi mtu kuinywa peke yake.

Pombe ya mvuke ni jambo jingine. Kileo huchemka kabla ya maji, kwa kadiri ya digrii 78, na maji huchemka kwa digrii 100. Kwa hiyo mtu akiichemsha pombe na kuupoza mvuke wake, hupata kinywaji chenye nguvu mara nyingi kuliko kile cha kwanza. Kinywaji hicho hakichachi. Chaweza kutiwa katika chupa, kikafichwa chini ya kitanda, na kunywewa alfajiri pasipo mtu kuona. Hivyo vile vizuizi vitatu vya zamani vyote vimeondoka.

Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Ulaya walileta pombe kali namna hii katika Afrika kwa wingi, hasa upande wa magharibi na wa kusini, wakaibadilisha kwa mali ya watu. Kelele zikapigwa na wamisionari na wengineo. Mataifa yalipokutana Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, katika 1889 na 1890, kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, waliliingiza na neno la pombe. Mkataba wao ulitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890. Walichora mipaka katika Afrika, toka digrii 20 kaskazini ya mstari wa ikweta mpaka digrii 22 kusini yake. Ndani ya mipaka hiyo, mahali ambapo pombe kali ilikuwa haijaingia, ilikatazwa kuletwa au kutengenezwa. Na mahali ilipokwisha kuingia, ilitozwa ushuru. Nchi yetu yote ilikuwamo katika mipaka hiyo.

Lakini tusidhani kwamba Wazungu peke yao ndio waliolifikiri jambo hili. Katika Bechuanaland, ambayo leo ni nchi ya Botswana, Mfalme Khama wa Tatu aliipiga marufuku pombe ya Kizungu katika watu wake. Mwaka wa 1895 yeye na wafalme wenzake wawili, Sebele na Bathoen, walisafiri mpaka Uingereza, wakaonana na waziri wa makoloni, Joseph Chamberlain. Waliomba nchi yao isitiwe mikononi mwa kampuni ya Cecil Rhodes. Katika hoja zao mojawapo ilikuwa hii, kwamba pombe ya wafanya biashara ingewaangamiza watu wao. Walikwenda huku na huku wakihutubu makanisani, na Waingereza wengi wakawaunga mkono. Basi kumbe Mwafrika ameilinda nchi yake na pombe kwa akili yake mwenyewe, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mataifa yaliandika mkataba mwingine huko Saint-Germain, Ufaransa, tarehe 10 Septemba 1919, wakaikataza pombe kali ya biashara isiingizwe Afrika. Katika Tanganyika ya Waingereza Mwafrika alikatazwa na sheria kunywa pombe kali za Kizungu, ilhali Mzungu alizinywa apendavyo. Hapo watu wetu waliona dharau zaidi kuliko ulinzi. Neno lililoweza kuwa la afya likawa la rangi ya ngozi, na wengine wakaona kwamba kunywa chupa ya Mzungu ni dalili ya kuwa mtu huru. Nadhani kosa hilo lilituchelewesha sana, kwa maana shauri jema likitolewa kwa kudharau, wasikiao hulitupa pamoja na dharau yake.

Baada ya uhuru serikali yetu wenyewe ilitunga sheria zake. Gongo, ambayo katika maneno ya sheria huitwa moshi, ina sheria yake tangu 1966, nayo haitengenezwi ila kwa leseni. Tarehe 1 Machi 1917 ilikuwa siku ya vita katika nchi hii. Tarehe 1 Machi 2017, miaka 100 kamili baadaye, ilikuwa siku ya kukatazwa pombe ya viroba, yaani ile pombe kali iliyotiwa katika vifuko vidogo vya plastiki. Viroba vilikuwa rahisi kwa bei hata mtoto wa shule aliweza kuvinunua kwa fedha ya kalamu, na kuvificha mfukoni mwa kaptula. Sisi walimu tulivijua vizuri, maana tulivifagia uwanjani.

Sheria hizo zina faida, na uchunguzi wa nchi nyingi umethibitisha kwamba pombe ikiwa ghali na kuwa mbali, watu hunywa kidogo zaidi, hasa vijana. Lakini sheria ina mpaka wake. Inaweza kuizuia chupa, wala haiwezi kumponya mtu ambaye mwili wake umekwisha kufungwa. Mtu kama huyo, chupa moja ikizuiwa, hutafuta nyingine iliyo mbaya kuliko ya kwanza. Mwezi wa Novemba 2000 katika Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe ya magendo iliyotiwa methanoli. Methanoli ni spiriti ya viwandani, iliyo sumu kwa macho na kwa uhai. Wengi wa waliokufa walikuwa maskini, waliotafuta kinywaji cha bei ndogo.

Sasa nije kwenye njia ya tatu, nayo ndiyo iliyonigusa zaidi. Hata miaka 200 iliyopita, katika Ulaya na Marekani, mlevi alihesabiwa kuwa mwenye dhambi au mpumbavu, basi. Mwaka wa 1804 Thomas Trotter, aliyekuwa tabibu wa manowari za Kiingereza, alichapisha kitabu juu ya ulevi, akasema kwamba mazoea ya ulevi ni ugonjwa wa akili, na tabibu ana kazi ya kuutibu. Mwaka wa 1813 tabibu mwingine wa Uingereza, Thomas Sutton, aliueleza ugonjwa wa walevi wenye kutetemeka, kukosa usingizi na kuona vitu visivyokuwapo. Aliupa jina la Kilatini, *delirium tremens*, maana yake wazimu wa kutetemeka. Nilipoyasoma maelezo ya ugonjwa huo nilikiweka kitabu chini. Nilimwona baba yangu mdogo akiokota siafu wake. Miaka 200 kabla yake watu walikuwa wamekwisha kuuandika ugonjwa wake, wala sisi chumbani hatukuwa hata na mmoja aliyeujua.

Mwaka wa 1849 Magnus Huss, daktari wa Stockholm katika Swideni, aliandika habari za madhara ya pombe mwilini mwa watu waliokunywa miaka mingi, akayakusanya yote chini ya jina moja la ugonjwa. Lakini swali moja lilibaki: wazimu ule na vifafa vile huletwa na kunywa, au huletwa na kuacha? Madaktari walibishana miaka mingi. Mwaka wa 1953 Maurice Victor na Raymond Adams walitangaza habari za walevi wengi waliowaangalia hospitalini katika Boston, Marekani, wakaonyesha kwamba mambo hayo hufuata saa na siku baada ya kunywa kukoma. Mwaka wa 1955 Harris Isbell na wenzake, huko Lexington, Marekani, waliwapa watu kumi pombe kila siku kwa majuma mengi, huku wakiwalisha vizuri, kisha wakawakatia ghafula. Waliokunywa muda mrefu walitetemeka, na wengine wakaanguka kifafa na kupatwa na wazimu ule. Watu hao walikuwa wafungwa, na leo uchunguzi wa namna hiyo usingeruhusiwa. Yatupasa kukumbuka kwamba maarifa haya yalinunuliwa kwa mateso ya watu.

Sababu yake ni hii. Kileo hutuliza ubongo. Anywaye kila siku, ubongo wake hujitia nguvu ili usilale, ukisukumana na kileo. Fikirini mtu asukumaye baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, akipanda mlima wa Kasulu. Ameinama, ametia nguvu zake zote. Mikungu ikianguka ghafula, huyo mtu huenda kifudifudi kwa nguvu zake mwenyewe. Ndivyo ubongo wa mlevi uwavyo pombe ikiondolewa kwa siku moja. Kutetemeka huanza ndani ya siku ya kwanza; kifafa huja mara nyingi kabla ya siku mbili kupita; na wazimu huja siku ya pili, ya tatu au ya nne. Tazameni, wasomaji wangu: siku zilizoandikwa na madaktari ndizo siku nilizozihesabu chumbani mwangu.

Tena dawa ipo. Tangu miaka ya 1960 madaktari hutumia vidonge vya kutuliza ubongo, kama dayazepamu, wakivitoa kwa kipimo na kuvipunguza siku kwa siku, pamoja na vitamini B1, ambayo miili ya walevi wengi imepungukiwa nayo. Yaani mzigo haupigwi teke ukaanguka, bali hushushwa taratibu. Lakini vidonge hivyo ni kazi ya mganga wa hospitali. Akivinunua mtu mwenyewe dukani na kuvichanganya na pombe, vyaweza kumwua.

Hayo ni ya mlevi wa namna ya pili. Je, yule wa kwanza, ambaye maneno humtosha? Habari zake zilichunguzwa kwa jirani zetu. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilitaka kupata maswali mepesi ya kumtambua mtu ambaye pombe yaanza kumdhuru, maswali yafaayo kwa nchi tajiri na maskini pia. Nchi sita zilichaguliwa: Australia, Bulgaria, Marekani, Meksiko, Norwei na Kenya. Maswali kumi yakapatikana, nayo yalitolewa mwaka wa 1989, na leo hutumika ulimwenguni kote. Huuliza mtu hunywa mara ngapi na kiasi gani. Kama amepata kushindwa kuacha akiisha kuanza. Kama ameshindwa kazi iliyompasa. Kama asubuhi huhitaji kikombe cha kwanza ili aweze kusimama. Kama ameona majuto. Kama amesahau mambo ya jana. Kama yeye au mwingine ameumia. Kama ndugu au mganga amemhurumia na kumwambia apunguze. Kila jibu lina hesabu yake, na jumla yake yaweza kufika 40. Afikaye 8 ni mtu wa kuonywa. Afikaye 20 yapasa aangaliwe na mganga, maana huenda amekwisha kufungwa.

Kisha Shirika hilo likajaribu jambo jingine katika nchi mbalimbali, Kenya na Zimbabwe zikiwamo, na habari zake zikatangazwa mwaka wa 1996. Watu wanywao kupita kiasi, lakini ambao hawajafungwa, walipewa shauri la dakika tano tu, kwa upole, wakielezwa madhara na jinsi ya kupunguza. Wanaume waliopewa shauri walikuja kunywa kwa siku pungufu ya wenzao kwa kadiri ya sehemu 17 katika 100. Hawakutukanwa, wala hawakuapishwa. Mimi niliyewahi kuhubiri ulevi kwa saa nzima nilitahayari niliposoma habari hiyo ya dakika tano.

Njia hiyohiyo ya kuushusha mzigo taratibu imefika katika nchi yetu kwa ulevi mwingine, yaani wa heroini, ambao umewaharibu vijana wengi wa pwani. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walitangaza mwaka wa 1965 kwamba mtu aliyefungwa na heroini, akipewa dawa iitwayo methadoni kila siku mbele ya mganga, huweza kurudi katika kazi na jamaa zake. Mwezi wa Februari 2011 dawa hiyo ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Na baadaye ikafika Unguja, Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingineko. Wengine walinung'unika, wakisema, "Mwawapa walevi dawa badala ya fimbo?" Lakini fimbo ilikuwa imekwisha kujaribiwa miaka mingi, na vijana walizidi kufa.

Sasa, jamaa zangu wa Nyakitonto na wa vijiji vingine, historia hii yatufundisha nini? Mtu wenu akianza kuzidisha pombe, msemeni mapema, kwa faragha na kwa heshima, maana hapo maneno yana nguvu. Lakini mtu ambaye hutetemeka asubuhi mpaka apate kikombe, au aliyewahi kuanguka kifafa alipoikosa pombe, msimfungie ndani, wala msimwapishe aache leo. Mpelekeni kwanza zahanati au kituo cha afya, mkamweleze mganga kweli yote, ni kiasi gani hunywa na tangu lini. Akiwa amekwisha kuacha, kisha akaanguka kifafa, au akaanza kuona visivyoonekana, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, msimfunge kamba wala kumpiga, mkamkimbize hospitali saa ileile, hata ikiwa ni usiku. Maombi yanaweza kufanywa njiani.

Wako watakaosema kwamba nikimwita mlevi mgonjwa nampa udhuru. Nami hapo mwanzo niliogopa neno hilo. Lakini yule Msamaria wa Injili hakumwuliza mtu aliyelala njiani kwa nini alipita njia ya wanyang'anyi. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha mahali pa kutunzwa, tena akalipa gharama. Kuna wakati wa kuuliza habari za njia, nao ni baada ya mtu kuwa hai.

Wazee husema, kuuliza si ujinga. Siku ile ningaliuliza mtu mmoja tu pale zahanati kabla sijafunga mlango wangu, huenda baba mdogo angalikuwa akifinyanga matofali hata leo. Kalibu yake ninayo nyumbani, ya mbao, imekwisha kupasuka upande mmoja. Kila mzazi ajapo kwangu kutaka shauri juu ya ndugu yake mlevi, namwuliza kwanza neno moja: "Je, asubuhi mikono yake hutetemeka?" Akisema ndiyo, tunaondoka pamoja, sote watatu, kwenda kwa mganga.